‘Du’, ‘del’ na ‘zum’ si lugha ya mtaani

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya elimu imewashauri vijana wanaojifunza lugha za Ulaya waepuke maneno ya mkato, eti hayo ni ya mazungumzo tu, na maandishi rasmi hutaka kila neno lisimame peke yake kwa kirefu. Ushauri huo umetoka kwenye Kiingereza, na hata huko una mipaka yake. Ukivushwa kupelekwa kwenye Kifaransa, Kiitaliano, Kireno au Kijerumani, unageuka kuwa kosa la sarufi. Safu hiyo inasomwa na waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar, wahudumu wa hoteli za Malindi na Watamu, na wanafunzi wa sekondari wanaochukua Kifaransa. Naomba nafasi nieleze jambo lilivyo.

Nianze na Kiingereza, maana ndiko kulikozaliwa tatizo. Don't na do not zote ni sahihi. Unachagua kwa kumwangalia unayemwandikia. Mkataba, hati ya mahakama na ripoti ya serikali hutaka kirefu. Barua kwa rafiki, upendavyo. Lakini kurefusha si kazi ya kufuta ritifaa (alama ya ') na kurudisha herufi zilizopotea. Isn't he coming? ukiirefusha papo hapo unapata Is not he coming?, na Mwingereza wa leo hasemi hivyo. Kirefu chake ni Is he not coming?, yaani not imehama. Won't ina o kwa sababu imetoka kwenye umbo la kale wol not, si will not. O'clock ni of the clock, na hakuna anayeiandika hivyo, hata hakimu. 'S ya he's inaweza kuwa is, kama he's tired, au has, kama he's gone. Na 'd ni had au would, itategemea kitenzi kinachofuata. Could've nayo husikika kama could of, ndiyo maana Waingereza wenyewe huandika could of na kusahihishwa na walimu wao kila mwaka.

Jambo moja la Kiingereza lishike, tutalihitaji mbele: mkato wa 'm, 's, 're au 've hauwezi kukaa mwisho wa sentensi (ule wa n't pekee unaweza: No, I don't). Ukiulizwa Are you ready? unajibu Yes, I am. Huwezi kusema Yes, I'm.

Sasa tuje kwenye Kifaransa. Huko hakuna uchaguzi. De ikikutana na le huwa du. De na les huwa des. À na le huwa au. À na les huwa aux. La haiungani na kitu, wala l', kwa hiyo de la, à la, de l', à l' hubaki zilivyo. Kuandika de le marché badala ya du marché si urasmi. Ni kosa, iwe kwenye ujumbe wa simu au kwenye katiba. Irabu nazo zina sheria yake: je, me, te, se, le, la, ce, de, ne na que hudondosha irabu mbele ya neno linaloanza na irabu, na ritifaa hukaa palipobaki pengo: j'ai, l'eau, d'abord, c'est. Si hudondosha mbele ya il na ils tu. S'il, lakini si elle.

Mwanafunzi akishaikariri kanuni ya du, kosa lake la pili huwa kuipitiliza. Kifaransa kina le mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Moja ni kibainishi, lile neno dogo linalotangulia nomino, ambalo Kiswahili hakina. Nyingine ni kiwakilishi, inafanya kazi ya -m- au -ki- ndani ya kitenzi chetu. Ya kwanza inaungana, ya pili haiungani abadani. Je viens du marché: nimetoka sokoni. Je viens de le voir: nimetoka kumwona sasa hivi. Anayeandika du voir ameunga kisichoungwa. Kabla ya kuunga, angalia kinachofuata: ni nomino au ni kitenzi?

Halafu kuna h. Haitamkwi, lakini zipo h zinazoruhusu irabu kudondoka, l'homme, l'hôtel, na zipo zinazokataa, le héros, la Hollande, le haricot. Sikio halikusaidii na jicho halikusaidii. Fungua kamusi, nyingi huweka kinyota au alama nyingine kwenye zile zinazokataa. Shujaa wa kiume, le héros, anakataa. Shujaa wa kike, l'héroïne, anakubali. Na onze, kumi na moja, imeanza na irabu kweupe lakini ni le onze. Hapa hakuna mantiki ya kutafuta, ni kukariri tu.

Kuna t moja nayo inayowachanganya hata Wafaransa. A-t-il mangé? ina vistari viwili, kwa sababu t hiyo haina maana yoyote. Ni sauti iliyochomekwa ili irabu mbili zisigongane. Va-t'en, yaani ondoka, ina kistari kimoja na ritifaa moja, kwa sababu t' hiyo ni te iliyodondosha irabu. Anayeandika va-t-en amelifanya neno kuwa sauti tupu. Ukitaka kujua uko upande gani, igeuze amri iwe ya wingi: allez-vous-en. Vous imetokea mahali pa t', basi t' ni neno.

Hapo ndipo ilipo kiini cha somo lenyewe, na msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko Mwingereza. Wanaisimu huyaita maneno ya aina hii klitiki, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuegemea. Ni maneno yanayoegemea: kwa maana yanafanya kazi ya neno, kwa sauti hayawezi kusimama bila mwenzake. Kipimo chake kipo mdomoni mwetu. Mtu akiuliza “Nani kafika?” unajibu “Mimi”. Hujibu “Ni-”, ingawa ni- ndiyo iliyomo kwenye nimefika. Mfaransa naye akiulizwa Qui? hujibu Moi, hawezi kujibu Je. Kati ya ni- na -mefika hakiingii kitu. Kati ya je na kitenzi chake huingia wadogo wenzake tu, kama ne, me, le, lui, y na en. Ni- haibebi mkazo wa kusisitiza, ukitaka kusisitiza unaongeza mimi: mimi nimefika. Mfaransa hufanya vilevile: moi, je suis arrivé. Kwa vipimo hivi je ya Kifaransa imekaa karibu sana na kiambishi chetu. Tofauti ni kwamba wao wanaacha nafasi kwenye karatasi na sisi hatuachi. I'm ya Kiingereza inakataa kukaa mwisho kwa sababu hiyo hiyo: 'm inaegemea upande mmoja tu, na am nzima ndiyo inayoweza kubeba uzito wa kufunga jibu.

Tena Kiswahili chenyewe kina mikato ya aina zote mbili, ya hiari na ya lazima. Nami na na mimi, mkewe na mke wake, hizo chagua. Lakini kitabu ninacho, hakuna anayeandika nina cho. Na ndiye huwezi kuitenganisha ukabaki na maneno mawili yenye maana. Hakuna anayesema ninacho ni ya mtaani. Basi du ya Kifaransa iko upande wa ninacho, haiko upande wa nami.

Kiitaliano nakipa nafasi zaidi, kwa sababu pwani ya Kenya na Zanzibar kinatumika kila siku na kinaandikwa ovyo kwenye menyu. Vihusishi vitano (maneno madogo ya namna ya “katika” au “kutoka”), di, a, da, in, su, huungana na vibainishi saba, il, lo, l', la, i, gli, le. Tano mara saba ni maumbo 35, na yote ni ya lazima. Kinachoamua ni herufi za mwanzo za neno linalofuata, pamoja na jinsia yake na idadi. Tuchukue jikoni. Samaki wa kuoka ni pesce al forno, kwa sababu forno ni la kiume na linaanza na konsonanti ya kawaida. Kamba wakubwa wa kuchoma ni aragosta alla griglia. Griglia ni la kike. Tambi za vyakula vya baharini ni spaghetti allo scoglio, kwa kuwa scoglio linaanza na s inayofuatwa na konsonanti, na maneno ya kiume ya namna hiyo, pamoja na yale ya z, gn na ps, hutaka lo. Penne all'arrabbiata ina ritifaa kwa sababu ya irabu. Pizza ya uyoga ni ai funghi, ya mchicha ni agli spinaci. Ukiona menyu imeandikwa a il forno au alla scoglio, mwandishi amechukua neno kutoka kwenye kamusi bila kuangalia kibainishi chake. Dawa yake ni kujifunza kila nomino pamoja na kibainishi: usikariri scoglio, kariri lo scoglio. Ukishakuwa na lo mkononi, allo, dello, nello na sullo zinakuja zenyewe.

Con, maana yake “pamoja na”, ndiyo pekee yenye hiari: con il au col, con i au coi. Per haiungani katika Kiitaliano cha leo.

Ritifaa ya Kiitaliano ina mitego mitatu midogo inayotofautisha aliyesoma na aliyeokota. Un amico, rafiki wa kiume, haina ritifaa. Un'amica, rafiki wa kike, inayo. Sababu ni kwamba un ya kiume ni umbo kamili, ipo hata mbele ya konsonanti (un cane), haikupoteza kitu. Una ya kike ndiyo iliyopoteza a. Kwa hoja hiyo hiyo qual è haina ritifaa, maana qual ni umbo linalosimama lenyewe. Un po', “kidogo”, ina ritifaa kwa kuwa imekatwa kutoka poco. Waitaliano wengi huandika pò kwa alama ya mkazo, na ni kosa.

Upande wa viwakilishi, mhudumu anahitaji neno moja kuliko yote: glielo. Mgeni akiomba bili, jibu la heshima ni Glielo porto subito, nakuletea mara moja. Le ya kumpa heshima mgeni hugeuka gli, ikaungwa na lo ya bili kwa e katikati, na huandikwa neno moja. Lakini “ananiletea hiyo” kwa namna ile ile ni me lo porta, viwakilishi vikiwa maneno mawili. Mantiki haipo, desturi ndiyo iliyoamua. Baada ya amri ya kawaida, zote huungana: portamelo, “niletee hicho”. Na vitenzi vitano vyenye amri fupi, da', di', fa', sta', va', huongeza konsonanti ya kiwakilishi: dammi, dimmi, fammi, vacci. Gli peke yake haiongezwi: digli, dagli.

Angalia dammelo kwa makini. Dammi ni “nipe”, hapo tuko sawasawa nao. Dammelo ni “nipe hicho”, na vitu viwili vimebanwa kwenye kitenzi kimoja, anayepewa na kinachotolewa. Kiswahili kina nafasi moja tu ya yambwa ndani ya kitenzi. Tukishaijaza kwa -ni-, kitabu kinabaki nje. Ndiyo maana mwanafunzi wetu husahau lo na kusema dammi tu, kisha anashangaa Mwitaliano anauliza “nikupe nini?”

Kosa kubwa zaidi ni la mkazo, na halionekani kwenye karatasi. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiongezwa kitu nyuma mkazo unasogea: NYUmba, nyuMBAni, MWAna, mwaNAngu. Klitiki za Kiitaliano hazisogezi mkazo. Ni PORta, PORtami, PORtamelo, mkazo umebaki pale pale hata ukawa silabi ya nne kutoka mwisho. Msemaji wa Kiswahili husema portaMElo, na msikilizaji anapotea kwa sababu mzizi wa kitenzi umezimika. Kihispania kina tabia hiyo hiyo ila kinakuwa na huruma, kinakuwekea alama: da, dame, dámelo, compra, cómpralo. Alama ile haimaanishi mkazo umehamia hapo, inamaanisha haukuhama. Kigiriki cha leo kimechukua njia ya tatu. Mkazo wa asili unabaki, lakini kwa kuwa hauruhusiwi kuwa mbali kupita silabi ya tatu kutoka mwisho, neno linaongezewa mkazo wa pili: to aftokínito ni gari, to aftokínitó mu ni gari langu, na alama zote mbili huandikwa.

Kihispania kwa mikato ni chepesi. Kina miwili tu, al (a na el) na del (de na el), yote ya lazima, na ritifaa hakitumii kabisa. Mtego ni majina: El ikiwa sehemu ya jina haiungani katika maandishi, kwa hiyo Viajo a El Cairo, naenda Kairo. Kifaransa ni kinyume chake. Mji wa Le Havre huvunjika, Je vais au Havre. Ukiwa na viwakilishi viwili, le lo hairuhusiwi, le hugeuka kuwa se: se lo doy, nampa hicho. Na vamos ikipata nos hupoteza s: vámonos.

Kireno kinawahusu majirani zetu wa kusini, maana ndicho lugha rasmi ya Msumbiji, na kanuni inayofundishwa huko ni ya Ureno, si ya Brazil. Hapa mikato imejaa kuliko lugha zote nilizotaja: de na o huwa do, em na o huwa no, a na o huwa ao, por na o huwa pelo, na haviishii kwenye vibainishi tu: dele (de na ele), neste (em na este), daquele (de na aquele). Ukiona no kwenye Kireno si “hapana”, ni “katika”. A ya kihusishi na a ya kibainishi cha kike zikikutana huandikwa à, na alama hiyo ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi. Kipimo chake ni rahisi: badili nomino ya kike uweke ya kiume. Ikitokea ao, basi ya kike ilitaka à. Vou ao mercado, basi Vou à praia. Isipotokea ao, usiweke alama. Katika uandishi makini mkato huzuiwa pale de inapotangulia sentensi nzima yenye kitenzi-jina: apesar de o governo ter pago, si do governo, kwa sababu o governo ni mtenda wa kulipa, haimilikiwi na de.

Kireno cha Ureno kina umbo ambalo msemaji wa Kiswahili atalielewa kabla ya Mfaransa. Dar-lho-ei: nitampa hicho. Dar ni “kutoa”, lh ni “yeye”, o ni “hicho”, ei ni wakati ujao wa nafsi ya kwanza. Viwakilishi vimeingia katikati ya kitenzi, kati ya mzizi na alama ya wakati. Sisi tunaviweka kati ya alama ya wakati na mzizi, ni-ta-m-pa. Wao wamegeuza mfuko nje ndani. Wabrazili hawasemi hivyo kwenye mazungumzo, na hata Lisbon ni la maandishi na hotuba. Lakini mtihani wa Kireno cha Ulaya unalitaka. Kumbuka pia kwamba ukanushi hukivuta kiwakilishi mbele: vi-o, nilimwona, não o vi, sikumwona.

Kijerumani: am (an dem), im (in dem), zum (zu dem), zur (zu der), vom (von dem), beim (bei dem), ins (in das), ans (an das), zote bila ritifaa. Zu ndiyo pekee inayoungana na der ya kike katika maandishi sanifu, ikawa zur. In der na an der hubaki mbili. Ndiyo maana ipo miji miwili ya Frankfurt, mmoja am Main kwa kuwa mto Main ni wa kiume, mwingine an der Oder kwa kuwa Oder ni wa kike. Kinachosahaulika na walimu wengi ni kwamba hapa kuunga na kutounga hubadili maana. Er geht zur Schule, ni mwanafunzi, anasoma. Er geht zu der Schule inakuelekeza kwenye shule fulani, ile pale, na mara nyingi hufuatwa na maelezo ya ni ipi: in dem Haus, das abgebrannt ist, katika nyumba ile iliyoungua. Na am schönsten, “zuri kuliko yote”, au im Januar, huwezi kuzirefusha ukaeleweka. Mwanafunzi aliyefuata ushauri wa safu yenu akaandika in dem Januar atamfanya Mjerumani aulize: Januari ipi hiyo?

Mashariki ya Ulaya ritifaa ya mkato ni adimu na klitiki ziko kila mahali. Mwaka 1892 Mswisi Jacob Wackernagel alionyesha kwamba katika lugha za kale za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ukoo wa lugha zote hizi za Ulaya, maneno yanayoegemea hupenda nafasi ya pili ya sentensi. Kikroeshia na Kiserbia wameishika sheria hiyo mpaka leo. Dao sam ti ga, nilikupa hicho: sam, ti na ga zimepangana nyuma ya neno la kwanza. Ukianza na “jana”, jučer, zote zinahama kwa pamoja: Jučer sam ti ga dao. Foleni yao haibadiliki: kitenzi kisaidizi, kisha anayepewa, kisha kinachotolewa. Kisaidizi je (si je ya Kifaransa) cha nafsi ya tatu pekee huenda nyuma ya foleni: Dao mi ga je, alinipa hicho. Sentensi haiwezi kuanza na yeyote kati yao.

Mikato mingine imezeeka mpaka wenyewe hawaioni. Aujourd'hui, “leo”, ni au jour d'hui, na hui peke yake ilishakuwa “siku hii” tangu Kilatini. Mfaransa akisema leo anasema siku ya siku hii. Lendemain, “kesho yake”, imemeza l' ya zamani, ndiyo maana leo inahitaji le ya pili mbele yake. Kiingereza kilikuwa na a napron, kikagawanya vibaya kikapata an apron. Kihispania kilipochukua maneno ya Kiarabu kilichukua na kibainishi chake, azúcar, algodón. Sisi tumesema sukari bila kibainishi, lakini alasiri, alfajiri na Alhamisi tumezibeba na al- yake ikiwa ndani. Na jirani zetu wa Shelisheli, kwa Krioli yao, maji ni delo, kutoka de l'eau, mkate ni dipen, kutoka du pain, na ndege ni zwazo, ambapo z ni s ya les iliyounganishwa na oiseaux. Mkato umekuwa mzizi.

Nimalizie na meza yenu wenyewe ya kupanga kurasa. Ritifaa sahihi ya uchapaji ni ile yenye umbo la tisa (kwenye Windows shikilia Alt ukiandika 0146), si alama ya lafudhi inayoinama iliyoko pembeni ya namba moja, ambayo huwaletea wasomaji ng`ombe badala ya ng’ombe. Programu za kuandikia huiweka vizuri ikiwa katikati ya neno, lakini mwanzoni mwa neno hudhani unafungua nukuu, zikaigeuza. Kiholanzi kinaumia sana hapo: ’s avonds, “jioni”, na mji wa ’s-Hertogenbosch, zote zinaanza na mkato wa des. Sentensi ikianza na neno hilo, herufi kubwa huenda kwa neno la pili: ’s Avonds.

Na kurasa za michezo. Andikeni Ballon d’Or, d ndogo na O kubwa, kwa sababu d’ ni de tu. D’or mnayoichapa imekuza kihusishi na kudogosha dhahabu. Vivyo hivyo Côte d’Ivoire na Giro d’Italia. Gazeti la Milan ni La Gazzetta dello Sport, si del Sport, kwa ajili ya s na p. Uwanja wa Benfica ni Estádio da Luz na wa Porto ni Estádio do Dragão. Luz ni la kike, dragão la kiume, msizibadilishane. Ritifaa za Eto’o na N’Golo si za mkato, ni sehemu ya jina, kwa hiyo herufi inayofuata iacheni ilivyo kwa mwenye jina: o ndogo kwa wa kwanza, G kubwa kwa wa pili.

Wenu,
Mkalimani,
Arusha